Mwaka Niliotakiwa Kuchagua Bati

Siku ya pili baada ya kumzika bibi, baba mdogo alinituma Kyela mjini nikanunue mabati manne. Kwetu, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, tunausimamishia miti minne na kuweka bati juu, kibanda kidogo tu, ili mvua isiudidimize kabla ya kujengea saruji. Nikaingia duka la kwanza nililoliona karibu na soko. Muuzaji alikuwa anatazama simu yake, hakuinua hata kichwa. “Geji ngapi, dada?” Nikasimama. Nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na katika maisha yangu hakuna swali nililolisomea kama hilo. Ningeweza kumwambia tofauti ya unene kati ya ishirini na nane na thelathini, ningeweza kumwambia lipi linapauka na lipi linaliwa na kutu kwenye tundu la msumari. Mdomo ukakataa. Mama mmoja aliyekuja kununua misumari akasema nyuma yangu, “Mdogo wangu, kama hujui sema hujui, tusogee.” Hapo ndipo machozi yalipoanza kunitoka, na si ya msiba. Au niseme hayakuwa ya msiba wa juzi.

Mwaka ninaotaka kuuandika ni ule nilipokuwa kidato cha tatu. Habari za baba, na za kwa nini mimi na mama na bibi tuliishi nyuma ya nyumba ya baba mdogo, nitaziacha, kila ukoo una zake. Nitaandika chumba. Kilikuwa stoo kabla hatujahamia, na baada ya kuhamia kiliendelea kuwa stoo. Magunia ya mpunga yalipangwa mpaka dirishani, na kwenye kona kulikuwa na sanduku la mbao lenye kakao mbichi iliyofunikwa majani ya mgomba ichachuke, kwa hiyo nguo zetu zote, hata sare yangu ya shule, zilinukia togwa iliyopitiliza. Chumba kiliegemezwa kwenye ukuta wa nyumba kubwa, na paa lake lilikuwa la nyasi na turubai. Mvua ikinyesha tuliisikia ikipiga bati la baba mdogo upande wa pili, kelele mpaka huwezi kuongea, na upande wetu ikaingia kimyakimya. Unashtukia tu shuka limelowa. Bibi alikuwa na mambo mengi ya kulalamikia lakini alilalamikia hilo moja. “Sitaki nyumba kubwa mimi,” alisema. “Nataka niisikie mvua kabla haijanifikia.”

Kwa hiyo kiangazi cha mwaka ule mama na bibi walifyatua matofali. Kiwanja kilikuwa Ndandalo, cha mama mwenyewe, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nilikuwa nawakuta huko nikitoka shule, mama akikanyaga udongo na bibi amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akilainisha kingo za tofali kwa kiganja kilicholowa kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Hayakuchomwa. Kuchoma kunataka pumba nyingi za mpunga na watu wa kukesha na tanuru, na fundi Ambokile, ndiye aliyejenga, alisema tofali bichi halina shida yoyote ikiwa litapata paa kabla ya mvua. Alilisema mara nyingi. “Kabla ya mvua, mama Tuse. Sio na mvua.” Mwishoni mwa Septemba kuta zilikuwa zimefika juu, vyumba viwili na sebule, na fundi akalaza majani makavu ya mgomba juu ya kuta zote kuzikinga na umande. Fedha ya bati ilikuwepo. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu watu wanaposikia habari hii hudhani tulikosa fedha. Mama alikuwa ameuza kakao vizuri, fedha ikakaa. Kilichobaki kilikuwa kuchagua.

Na fundi hakuweza kuendelea bila sisi kuchagua. Papi, zile mbao nyembamba zinazobeba bati, hupigwa kwa kufuata aina ya bati lenyewe, kwamba hili linataka mbao zikaribiane na lile linavumilia zikiachana. “Niambieni bati gani, kesho yake napanda juu,” alisema. Mama akachukua simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anavyokabidhi sadaka. “Wewe ndiye uliyesoma, Tuse. Mimi na bibi yako tukienda dukani watatuuzia takataka. Angalia humo, uliza watu, utuambie.”

Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nilikuwa najua jibu na kusubiri mwingine alitaje. Dukani nilikuwa namwacha mtu aliyekuja baada yangu ahudumiwe kwanza. Lakini simu haikutazami usoni. Wiki ya kwanza nilijiunga na grupu moja la wasapu la wajenzi, wiki ya pili yakawa manne, halafu watu wa huko wakaniingiza kwenye mengine bila hata kuniuliza, mpaka simu ya mama ikawa inalia kutwa kama jiko lenye chungu kinachochemka. Kulikuwa na wauzaji wa Mbeya, wa Tunduma, wa Dar. Mmoja alituma video anatembea juu ya bati lililowekwa kati ya matofali mawili, na chini yake mwingine akatuma video ya bati hilohilo linakunjwa kwa vidole. Mwanamke wa Njisi, kule mpakani, alituma ujumbe wa sauti kwamba bati za ng'ambo ni ndefu na nene kuliko zetu, na kabla sijamaliza kuusikiliza mtu akaandika kwamba hizo za ng'ambo ndizo zinazopauka mwaka wa kwanza. Nilikuwa na daftari la kumbukumbu tangu kidato cha kwanza, ambamo nilikuwa naandika mambo yangu ya siri. Nikaligeuza nyuma mbele, nikaanza kuandika mabati. Mgongo mdogo, mgongo mpana, msauzi, ya vigae, ya mchanga. Geji. Rangi. Nani kasema nini, nani kampinga.

Jioni, tukila, nilikuwa nasoma. Nakumbuka mbalaga, ndizi zetu za kupikwa pamoja na maharage, na usipa, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga kwenye sahani ya bati, na bibi akichambua vichwa vya usipa na kuniwekea pembeni kwa sababu navipenda. “Soma tena hilo la mchanga,” alisema.

“Ni bati lililomwagiwa vijiwe vidogo juu, bibi. Wanasema halipigi kelele mvua ikinyesha.”

“Halipigi kelele? Sasa nitajuaje kama inanyesha? Futa hilo.”

Nikafuta. Kesho yake nikaliandika tena, kwa sababu mtu wa grupu alisema ndilo linalodumu kuliko yote. Siku mwalimu wetu wa fizikia aliponieleza kuhusu geji nilirudi nikiwa nimejaa kama mtungi. Niliwaambia kwamba namba ikiwa kubwa bati linakuwa jembamba, kwamba thelathini na mbili ni jembamba kuliko ishirini na nane. Bibi aliacha kutafuna. “Thelathini na mbili ndiyo nyembamba? Basi huyo aliyezipanga alikuwa amelewa.” Mama akacheka mpaka akakohoa. Baba mdogo alipita mlangoni akapachika kichwa. “Mheshimiwa waziri wa mabati, bunge limeahirishwa au bado? Watu mvua inawasubiri.” Tukacheka wote. Ilikuwa Oktoba, mbingu kavu kabisa, milima ya Livingstone inaonekana upande wa ziwa kama imechorwa, na hakuna aliyeamini mvua.

Sasa niandike jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilipenda. Nilipenda nikifungua daftari na wao wakanyamaza. Mama, ambaye siku zote ananiambia paza sauti Tuse sikusikii, alikuwa anainama mbele kunisikiliza. Bibi alikuwa anawaambia wageni, “Huyu anatuchagulia bati. Anajua yote.” Na kweli nilikuwa najua, kila siku nikajua zaidi, na kila nilipojua jipya lile la jana likawa na walakini. Jumatatu nilikuwa na hakika na geji thelathini ya bluu, Jumatano nikawa nimesoma kwamba bluu inapauka haraka kwenye jua kali, Ijumaa mtu akasema anayeuza bluu isiyopauka yuko Mbeya lakini mwingine akaapa mtu huyo anabadilisha mihuri ya geji inayopigwa kwenye kona ya bati. Mama akiniuliza, “Bado?” nilijibu, “Bado kuna mmoja nasubiri anijibu.” Wakati mwingine ilikuwa kweli. Wakati mwingine hapakuwa na mtu yeyote ninayemsubiri. Niliogopa tu ile siku ambayo nitasema hili, na wao watatoa fedha yote, na bati litapanda juu ambako hakuna wa kulirudisha, na likivuja litakuwa limevuja kwa mdomo wangu.

Jumamosi moja ya mwanzo wa Novemba nilichagua. Niliandika kwa wino mwekundu na kuchora mstari chini yake: geji 28, mgongo mpana, maruni, duka la hapahapa Kyela. Mama alipiga makofi mara moja. “Basi. Jumatatu naenda.” Bibi aliuliza maruni ni rangi gani. Nikamwonyesha kitenge chake mwenyewe, pale kwenye pindo, akasema vizuri, itafanana na mimi. Siku ile tulikula wali na kuku, wali wetu wenyewe, na fundi Ambokile alialikwa akaja na mkewe, wakazungumza papi zitaachana kiasi gani. Mkewe alimtania kwamba alikuwa ameanza kusahau kupanda ngazi. Naikumbuka meza ile kuliko sikukuu yoyote. Nilidhani imekwisha.

Jumapili, baada ya kanisa, ikaingia video. Mwanamke simjui, kijiji sikijui, amesimama sebuleni kwake chini ya bati la maruni mgongo mpana, na maji yanadondoka kwenye masufuria matano aliyoyapanga sakafuni. Alikuwa analia, anasema wameniambia ni bora, wameniambia ni bora. Niliitazama labda mara ishirini. Chini yake watu walikuwa wanabishana: fundi ndiye mbaya, hapana bati ndilo baya, hapana huyu katumwa na washindani. Niliwaza masufuria yetu, ambayo ni matatu tu. Nikamwendea mama alikokuwa anaanika nguo, nikamwambia asiende kesho. “Kuna nini tena?” Nikamwonyesha. Akatazama mpaka mwisho, akaona yule mwanamke anavyolia, akanirudishia simu taratibu. “Hee. Basi uliza vizuri, mwanangu. Tusije tukalia na sisi.” Kama angenikatalia siku ile! Lakini aliniamini, na mimi nilikuwa nimezama mpaka shingoni, na nilichokifanya ni kuuliza grupu zote saba kwa pamoja, nikapata majibu ambayo mpaka leo sijamaliza kuyasoma.

Wiki mbili fundi Ambokile alisubiri. Ya tatu akaja kuaga. Alikuwa amepata kazi Ipyana ya nyumba nzima, na ana watoto. Alisimama uani na kofia mkononi, anamwambia mama lakini ananitazama mimi. “Sio kwa ubaya. Mtu akiniambia bati gani, hata nikiwa Ipyana narudi siku hiyohiyo. Lakini siwezi kujenga paa la mawazo.” Mama akasema tunaelewa. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti na simu mapajani inatetemeka, inatetemeka, na sikuthubutu kuitazama mbele yake.

Mvua ziliwahi mwaka ule, au labda hazikuwahi, sisi ndio tuliochelewa. Zilianza kwa manyunyu ya jioni ambayo majani ya mgomba yaliyavumilia. Mama alinunua turubai akalifunga juu ya kuta za chumba ambacho kingekuwa cha bibi, upepo wa ziwani ukalichana. Halafu ikanyesha siku nne mfululizo. Jumapili moja ya Desemba tulipotoka kanisani bibi hakugeukia nyumbani, alishika njia ya Ndandalo na mwavuli wake, sisi nyuma yake tunamsihi arudi, matope yanatuvua viatu. Tulipofika, ukuta wa upande wa mashariki ulikuwa umeshalala. Mwingine ulianguka tukiwa tunautazama. Haukuanguka kwa kishindo. Ulilainika chini, ukakaa, kama mtu aliyechoka kusimama kwenye foleni, na matofali yaliyokuwa na alama za viganja vya bibi kwenye kingo yakarudi kuwa udongo ule waliouchimba Julai. Fremu ya mlango ilibaki imesimama peke yake. Mama alikwenda akaishika kana kwamba nayo itaondoka. Mimi nilisema, “Nilikuwa nimebakiza kidogo.” Nilisema hivyo hasa. Nilikuwa nimebakiza kidogo.

Ningependa mtu angenipiga. Mama hakunilaumu siku ile wala siku nyingine yoyote. Baba mdogo, ambaye nilimtegemea kwa utani, alitukuta tumelowa, akatupisha mlangoni kimya na kututilia chai. Bibi alivua kilemba akakikamua kwenye beseni, akaniita nikae karibu yake juu ya gunia. Nilidhani sasa inakuja. Akasema, “Ndaga fijo, Tuse. Umetusomea sana.” Alinishukuru kwa Kinyakyusa, kwa sauti ileile anayomshukuru anayemletea maji, na hakuwa ananikejeli, bibi hakujua kukejeli. Kweli aliona nilifanya kazi kubwa. Nje bati la baba mdogo lilikuwa linapiga kelele, na upande wetu maji yalikuwa yanaingia, na mimi niliyejua habari zote za mabati ya Tanzania na ng'ambo yake nilikuwa nimekaa chini ya nyasi.

Fedha ile iliisha kwa ada na dawa, na mwaka uliofuata bibi hakuweza tena kufyatua tofali wala kutembea mpaka Ndandalo. Nilijitoa kwenye magrupu yote. Nilidhani kujitoa kutanisaidia, lakini nilivyoendelea kukua niligundua imebaki ndani. Nikitaka kununua kalamu nasimama mbele ya kalamu. Shangazi mmoja wa kanisani aliniuliza nataka kusomea nini baada ya kidato cha nne, akanitumia orodha ya vyuo kwenye simu, na orodha hiyo bado iko pale sijaifungua, na muda wa maombi umepita. Nyumbani hawanipi tena kitu cha kuchagua. Hawasemi, ila nimeona. Bibi alipofariki, picha za majeneza zilitumwa kwenye simu ya baba mdogo, na simu ikazunguka mkono kwa mkono kati ya watu waliokaa mkekani. Ilipofika kwa mama, mama akainyoosha juu ya magoti yangu akampa aliyekaa upande wangu wa pili. Alifanya kwa upole sana. Nadhani alitaka kunisitiri.

Ndiyo maana nilishangaa baba mdogo aliponituma mabati. Labda alisahau. Labda hakusahau. Bibi alizikwa Ndandalo kama alivyoomba, kwenye kiwanja, pembeni ya msingi wa ile nyumba, ambapo siku hizi tunaanikia kakao, na miti minne ilikuwa imeshasimamishwa inasubiri. Kule dukani muuzaji alisikia ninavyovuta pumzi, hatimaye akainua kichwa. “Dada, bati ni ya nini?”

“Ya kaburi.”

Akaweka simu chini. “La nani?”

“La bibi yangu.”

“Pole sana, dada.” Yule mama wa misumari naye akasema pole, akanishika bega. Muuzaji akauliza mangapi, nikanyoosha vidole vinne, akaingia stoo, nikasikia mabati yakigongana, akatoka na manne amebeba begani, akayafunga kamba yeye mwenyewe, akaniitia bodaboda. Sikuuliza kitu. Sikugeuza kona kutafuta muhuri. Nilikaa nyuma ya pikipiki nikiyashikilia kwa upande, yananikata viganja, mpaka Ndandalo, na baba mdogo akayapigilia misumari.

Mvua ilikuja saa kumi jioni ile. Wanawake walikimbilia chini ya turubai la msiba wakiniita, Tuse, we Tuse, utaugua. Mimi nilibaki pale. Niliisikia ikianzia shambani, kwenye majani ya migomba, inakuja, kisha ikafika kwenye bati, ikapiga kwa nguvu zote, na chini yake udongo ulikuwa mkavu kabisa. Mama alikuja na mwavuli wa bibi akasimama karibu yangu. Tukasikiliza. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, “Ulichukua geji ngapi?”

Nikamwambia sijui, mama. Na kweli, mpaka leo sijui.